Bluetooth Nyumbani: Tujue Tumemfungulia Nani Mlango

Baada ya sala ya Isha, hali katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, yafanana. Simu ya baba imeunganishwa na spika ya ukumbini, na kisomo cha Qur'ani chasikika mpaka jikoni. Kijana amejilaza na visikilizi vidogo masikioni, wala hapana waya unaoonekana. Bibi amevaa saa inayohesabu hatua zake. Nje pameegeshwa gari ambalo, injini ikiwashwa tu, laitambua simu ya mwenyewe bila ya kuulizwa. Vyombo hivi vyote vyazungumza, na lugha yao aghalabu ni moja, nayo ni Bluetooth.

Wengi wetu twaitumia kila siku pasi na kujua yafanyaje kazi. Kwa mambo mengi hilo halina neno, kwani mtu aweza kupika kwa gesi maisha yake yote bila ya kusomea kemia. Lakini Bluetooth ina tabia moja ambayo kila familia yapaswa kuifahamu. Kazi yake yote imesimama juu ya idhini. Chombo kimoja hubisha hodi kwa kingine, mwenye simu hujibu karibu, na tangu siku hiyo chombo kile huingia bila ya kubisha tena. Idhini iliyotolewa mara moja, pengine kwa haraka na pengine na mtoto, hubaki kwa miaka.

Kwetu sisi, suala la kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu si geni. Aya ya 27 ya Surat An-Nur yaamrisha jambo hilo, na hodi ni miongoni mwa adabu za mwanzo tunazowafunza watoto wetu. Katika makala haya twakusudia kueleza namna vyombo hivi vinavyobishiana hodi, kisha tuangalie ni wapi siri za nyumba huweza kutoka kupitia mlango huu usioonekana, na hatua za kuchukua ili uwe na ulinzi.

Jina na asili yake

Mwaka 1994, kampuni ya Ericsson, katika mji wa Lund nchini Uswidi, ilianza kutafuta njia ya kuondoa waya uliounganisha simu na kisikilizi chake. Miongoni mwa wahandisi waliobuni mfumo huo walikuwa Jaap Haartsen, Mholanzi, na Sven Mattisson, Mswidi. Siku hizo baadhi ya vyombo vilikuwa vikipelekeana habari kwa mwanga usioonekana, ule ule unaotumiwa na rimoti ya runinga. Mwanga huo wataka vyombo vielekeane uso kwa uso, na mtoto akipita katikati mawasiliano hukatika. Mawimbi ya redio hayahitaji kuelekeana. Simu yaweza kuwa ndani ya mkoba, na kisikilizi sikioni, na bado yakasikilizana.

Mwaka 1998, kampuni tano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, zilifanya umoja wa kuilea teknolojia hiyo. Makusudio yalikuwa kuwe na lugha moja kwa wote, ili spika iliyotengenezwa na kampuni hii ielewane na simu ya kampuni ile. Ndiyo sababu leo spika ya bei nafuu iliyonunuliwa Marikiti yakubali simu ya aina yoyote.

Jina lenyewe lilipendekezwa na Jim Kardach, mhandisi wa Intel, likiwa la muda tu hadi lipatikane jingine. Alilichukua kwa Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye akumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa Denmark na sehemu ya Norwe chini ya utawala mmoja. Alama tunayoiona kwenye simu imefanywa kwa herufi mbili za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya, H na B, zilizobebanishwa pamoja. Jina lile la muda halikubadilishwa tena.

Mawimbi yanayohamahama

Tuseme binti amefungua kaswida kwenye simu yake na anaisikiliza kwa visikilizi. Simu kwanza huigeuza sauti kuwa tarakimu, huibana ili ichukue nafasi ndogo, kisha huikata vipande vidogo vidogo. Kila kipande hutumwa peke yake kwa mawimbi ya redio. Kisikilizi hukipokea, hukikagua, na kikiwa kimeharibika njiani huomba kiletwe tena. Kisha vipande hupangwa kwa utaratibu wake na kugeuzwa sauti. Kwa kuwa kisikilizi huweka akiba ndogo ya vipande kabla ya kuvitoa, sauti huchelewa kidogo. Hii ndiyo sababu mtu akitazama mawaidha kwenye runinga iliyounganishwa na spika isiyo na waya, wakati mwingine huona midomo ya shekhe ikitangulia maneno yake.

Mawimbi yanayotumika ni ya gigahezi 2.4. Sehemu hiyo ya mawimbi yaruhusiwa kutumiwa bila ya leseni katika nchi nyingi za dunia, na kwa hivyo ina msongamano mkubwa. Humo humo zimo Wi-Fi, vidude vingi vya kuchezea watoto, na hata maikrowevu ya jikoni hutumia mawimbi yaliyo karibu na hayo kupashia chakula. Ikiwa visikilizi vyako hukatakata sauti kila unaposimama karibu na maikrowevu inayofanya kazi, sababu ndiyo hiyo.

Wahandisi walitatua tatizo la msongamano kwa kutotulia mahali pamoja. Sehemu hiyo ya mawimbi imegawanywa njia nyembamba 79, na simu pamoja na kisikilizi huruka kutoka njia hii hadi ile mara 1,600 katika kila sekunde moja. Ni mfano wa watu wawili wanaozungumza ndani ya jumba lenye vyumba 79. Kila baada ya neno wahamia chumba kingine, na mpango wa kuhama waujua wao tu. Wakikuta chumba kimoja kina makelele, hupotea neno moja, nalo hurudiwa katika chumba kinachofuata. Tangu mwaka 2003 mfumo huu umeongezewa busara ya kutambua vyumba vyenye makelele ya kudumu na kuviruka.

Wazo la mawimbi yanayoruka lilikuwapo kabla ya Bluetooth kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi Agosti 1942, nchini Marekani, mwigizaji Hedy Lamarr, mwanamke mzaliwa wa Austria, pamoja na mwanamuziki George Antheil, walipewa hataza ya mtambo wa kuongoza makombora ya majini. Mawimbi ya mtambo huo yangeruka katika njia 88, sawa na idadi ya vitufe vya piano, ili adui asiweze kuyaziba. Wao hawakubuni Bluetooth, lakini waliitangulia kwa wazo hilo.

Mwaka 2010 likaja toleo lenye kutumia nguvu kidogo mno ya betri. Chombo cha aina hii hulala karibu wakati wote, huamka kwa muda mfupi sana kutangaza kwamba kipo, kisha hulala tena. Kwa hivyo betri ndogo iliyo mfano wa sarafu huweza kukiendesha kwa mwaka mzima. Saa za mkononi, vipimo vya sukari na vya shinikizo la damu, na hata pete za kuhesabia dhikri ambazo siku hizi zauzwa, hutumia toleo hili. Tutalirudia hapo baadaye, maana tabia yake ya kujitangaza ina faida na ina hatari.

Nguvu ndogo, umbali mfupi

Vyombo vingi vya Bluetooth tunavyobeba hutoa nguvu ya miliwati 2.5 na kufika mita 10 hivi. Vipo vyenye nguvu zaidi, vinavyoweza kufika mita 100 mahali peupe. Nyumbani umbali hupungua. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama za nyumba kongwe za Mji wa Kale na Lamu, hulidhoofisha wimbi kuliko mlango wa mbao. Bati hulirudisha. Mwili wa mwanadamu nao, kwa kuwa una maji mengi, hulimeza. Mtu akitia simu mfuko wa kushoto na kisikilizi kikawa sikio la kulia, aweza kusikia sauti ikikatika, na dawa yake ni kuihamisha simu.

Kina mama wengi huuliza kama mawimbi haya yadhuru mwili, hasa wa mtoto. Jibu linaanzia kwenye kiasi cha nguvu. Simu za kizazi cha pili, zile za vitufe tulizoanza nazo, ziliweza kufikia wati 2 zinapotafuta mnara, yaani mara 800 ya miliwati 2.5. Mawimbi haya pia si ya jamii ya eksirei, hayana uwezo wa kuvunja chembe za mwili kama ile ifanyavyo. Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya redio kwa jumla katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Liliona kuwa ushahidi uliopo ni mchache, na mazingatio yake makubwa yalikuwa matumizi mengi ya simu zenyewe zikiwa zimewekwa sikioni.

Dhara lililo wazi zaidi la visikilizi ni sauti kubwa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu. Simu nyingi za leo zina sehemu ya kuwekea kikomo cha sauti, na mzazi aweza kukiweka. Njia nyepesi ya kupima ni hii: ikiwa wewe uliyekaa kando ya mtoto wasikia anachokisikiliza kupitia visikilizi vyake, sauti hiyo imezidi.

Hodi ya kwanza

Vyombo viwili vya Bluetooth vinapokutana mara ya kwanza, hufanyiwa kile kinachoitwa kuoanishwa. Chombo kimoja hujiweka wazi ili kionekane, kingine hukitafuta na kuliona jina lake. Kisha, katika vyombo vyenye vioo, hutokea namba ya tarakimu sita katika vyote viwili, na wenye vyombo huulizwa kama namba zafanana. Zikifanana na wote wakakubali, vyombo huweka baina yao ufunguo wa siri. Ufunguo huo ndio utakaotumika kuyafumba mazungumzo yao, ili mtu wa tatu aliye karibu asiambulie kitu.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba vyombo visivyo na kioo, kama spika na visikilizi, haviwezi kuonyesha namba. Vya zamani vilitumia namba za kila mtu kama 0000 au 1234, na vingi vya siku hizi havitaki namba yoyote. Yeyote aliye karibu wakati spika iko wazi aweza kujiunga nayo. Wanaoishi katika nyumba za ghorofa huenda wamekwisha kuyaona haya: mko kwenye darsa ya kina mama, ghafla spika yatoa muziki wa kijana wa jirani. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba spika nyingi zina maikrofoni ya kupokelea simu, na aliyejiunga nayo huweza kuitumia.

La pili ni kwamba ufunguo ule huhifadhiwa. Simu huweka orodha ya vyombo vyote ilivyowahi kuoanishwa navyo, na chombo nacho huweka ya kwake. Fungua sehemu ya Bluetooth katika mipangilio ya simu yako hivi sasa, nasi twadhani utakuta majina usiyoyakumbuka: gari la kukodi la safari ya mwaka juzi, spika ya ukumbi wa harusi, visikilizi vya rafiki wa mwanao.

Siri zinapotoka

Tukio la kawaida kabisa hutokea bila ya adui yeyote. Mama yuko jikoni, dada yake ampigia simu na mambo yake ya ndani. Simu bado imeunganishwa na spika ya ukumbini, ambako wamekaa wageni. Mama apokea, na maneno ya dada yatokea ukumbini mbele ya watu. Au baba amewasha gari uani, na simu ya mama, ambayo iliwahi kuoanishwa na gari hilo, yajiunga nalo kupitia dirishani. Aibu ya namna hii yaweza kuharibu udugu, na kinga yake ni kuzima Bluetooth unapomaliza kuitumia, au kuangalia alama yake kabla ya kupokea simu yenye mazungumzo ya faragha.

Magari yana habari zaidi. Simu inapooanishwa na gari, mara nyingi gari huomba ruhusa ya kuchukua orodha ya majina na namba za simu, kumbukumbu za waliopiga na waliopigiwa, na pengine ujumbe. Wengi hubonyeza ndiyo bila ya kusoma. Gari likirudishwa kwa mwenye kulikodisha, au likauzwa, majina hayo huweza kubaki ndani yake. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa yametumika Japani kwanza, na mnunuzi huweza kukuta humo majina ya simu za watu asiowajua. Nasi tukiuza, wanunuzi wetu watayakuta yetu, yakiwemo majina ya wake na mabinti zetu.

Kuna pia kupokezana picha na video. Wenye umri wa kutosha wakumbuka zama za kuambiana nirushie, pale wimbo mmoja ulipochukua karibu dakika nzima kutoka simu moja hadi nyingine. Simu za sasa hutumia Bluetooth kutafutana tu, kisha hutuma faili lenyewe kwa Wi-Fi iliyo na kasi zaidi. Ikiwa simu imewekwa ipokee kutoka kwa kila mtu, basi aliye karibu, awe kwenye matatu au katika kivuko cha Likoni, aweza kumtumia binti yako picha chafu, na kioo kikamwonyesha kabla hajakataa. Mpangilio wa sawa ni kupokea kutoka kwa watu waliomo katika orodha yako tu, au kufunga kabisa mpaka pawe na haja.

Kuhusu wahalifu wenye ujuzi, mifano miwili yatosha. Mwaka 2004 kilitokea kirusi kiitwacho Cabir, kilichosambaa baina ya simu kwa Bluetooth. Hakikuvunja kufuli lolote. Kiliomba kupokelewa, mtu akikataa kikaomba tena na tena alimradi yuko karibu, mpaka wengine wakachoka na kukubali. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Armis walitangaza kasoro walizoziita BlueBorne, ambazo ziliweza kumwingiza mtu katika chombo chenye Bluetooth iliyowashwa, hata bila ya kuoanishwa. Kasoro hizo zilizibwa kwa masahihisho ya programu. Kwa hivyo simu inapokuambia kuna toleo jipya la programu zake, usiahirishe mwezi baada ya mwezi. Na simu kuukuu ambayo mtengenezaji ameacha kuitumia masahihisho haifai kubaki na Bluetooth iliyowashwa siku nzima.

Fedha za M-Pesa hazisafiri kwa Bluetooth, na hilo huwafariji wengi. Hata hivyo, simu iliyoingiliwa ni simu iliyoingiliwa, na sheria yetu yalitambua jambo hilo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 yafanya kuingia katika chombo cha mwingine bila ya idhini kuwa kosa la jinai. Anayefanyiwa hivyo ana haki ya kupiga ripoti polisi.

Kifuatiliaji ndani ya mkoba

Tumesema kuwa vyombo vya nguvu ndogo hujitangaza. Tabia hiyo imezaa vifuatiliaji, vidude vidogo kama sarafu kubwa ambavyo hufungwa kwenye funguo au kutiwa ndani ya sanduku la safari. AirTag ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2021, ndiyo mashuhuri zaidi. Kidude hiki chenyewe hakijui kiko wapi. Kinachofanya ni kutangaza kwamba kipo, na kila simu ya aina yake inayopita karibu huisikia sauti hiyo na kupeleka habari ya mahali kilipo hadi kwa mwenyewe, bila ya mpitaji kujua. Kwa mwenye kwenda Hija na sanduku lake likapotea uwanja wa ndege, hii ni neema.

Lakini kidude hicho hicho chaweza kutiwa na mtu mwovu ndani ya mkoba wa mwanamke, chini ya kiti cha gari, au katika begi la mtoto wa shule. Baada ya malalamiko mengi, kampuni zililazimika kuchukua hatua. Mnamo Mei 2024, Apple na Google zilitangaza utaratibu wa pamoja, ambao kwa huo simu za iPhone na za Android humwonya mwenye simu pindi kifuatiliaji kisichokuwa chake kinapotembea naye. Onyo hilo lahitaji Bluetooth iwe imewashwa. Ukilipata, usilipuuze na wala usikimbilie kukitupa kidude. Simu itakuwezesha kukilizisha sauti ili kipatikane. Kipige picha, kisha umshirikishe mtu unayemwamini na polisi, kwani kidude chenye namba yake ni ushahidi. Na ikiwa wamshuku mtu wa karibu nawe, tafuta ushauri kabla ya kumkabili.

Twasema pia na wanaume. Kumwekea mke kifuatiliaji bila ya yeye kujua ni kupeleleza, na wasiwasi ndani ya ndoa hautibiwi kwa kidude cha sarafu. Mtoto mdogo kuwekewa ili asipotee sokoni ni jambo jingine, nalo lafanywa kwa uwazi, mtoto mwenyewe akielezwa.

Neema kwa wazee na wagonjwa

Si haki kuhesabu hatari na kuziacha fadhila. Wazee wetu waliopungukiwa na usikivu ni miongoni mwa wanaofaidika zaidi. Vifaa vya kusaidia kusikia vya siku hizi huunganishwa na simu kwa Bluetooth, na mazungumzo ya mjukuu aliye Dubai au Muscat yakaingia moja kwa moja sikioni. Mwaka 2022, umoja unaosimamia Bluetooth ulitangaza mfumo uitwao Auracast, ambao huwezesha mtambo mmoja kurusha sauti kwa wasikilizaji wasio na idadi walio karibu. Msikiti au ukumbi wenye mtambo huo waweza kumfikishia khutba mzee mwenye kifaa kinachofaa, aisikie wazi kama aliyeketi safu ya mbele. Kamati za misikiti yetu zinapofikiria kubadilisha vipaza sauti, zingefanya vyema kuwauliza mafundi juu ya jambo hili.

Wagonjwa wa kisukari nao wana vipimo vinavyobandikwa kwenye ngozi na kupeleka kiwango cha sukari katika simu kila baada ya dakika chache. Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga huweza kujua mapema sukari inaposhuka, na mkewe au mwanawe akaonyeshwa pia. Habari za mwili wa mtu ni amana, kwa hivyo familia na ikubaliane ni simu za nani zitakazozipokea.

Tufanye nini nyumbani

Twapendekeza familia itenge saa moja, wazazi na watoto pamoja, kila mmoja na simu yake mkononi.

Fungueni orodha ya Bluetooth katika kila simu na muisome kwa sauti. Chombo ambacho hakuna anayekijua, au kisichotumika tena, kiondolewe kwa kuiamuru simu ikisahau.

Angalieni jina la simu yenyewe. Simu iliyoitwa kwa jina kamili la binti yenu humtangaza kwa kila aliye karibu anayetafuta vyombo. Ipeni jina lisilomtambulisha mtu.

Wekeni sehemu ya kupokea faili kuwa ya watu mnaowajua tu, na muwafunze watoto kukataa ombi lolote wasilolitarajia, hata likija mara kumi.

Kabla ya kuuza au kugawa simu, saa, spika au gari, futeni kila kitu na kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Kwa gari la kukodi, jikoani gari liondoe simu yenu kabla ya kukabidhi funguo, na mkiombwa ruhusa ya kuchukua majina, kataeni. Muziki na simu za kawaida zitafanya kazi bila ya ruhusa hiyo.

Katika harusi na shughuli za kina mama, mwenye kuendesha spika awe mtu mmoja anayejulikana, na simu yake pekee ndiyo iunganishwe. Spika ikibaki wazi bila ya mwenyewe, mgeni yeyote huweza kuitwaa.

Mwisho, muwaeleze watoto sababu. Mtoto anayejua kwamba kubonyeza ndiyo ni sawa na kufungua mlango wa nyumba atauliza kwanza ni nani anayebisha. Saa hiyo moja yaweza kuwa usiku wa leo, baada ya chakula, na orodha ya kwanza kusomwa iwe ya baba na ya mama.